Jenga Ua Kabla ya Kupanda Ukuta



Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 mtu anayejenga nyumba mpya anaagizwa azungushe ukuta mdogo juu ya paa, asije akalaumiwa mtu akianguka. Na Kutoka 21:33-34 inamdai fidia aliyeacha shimo wazi, punda au ng'ombe wa jirani akatumbukia. Basi jambo hili si la makampuni ya Nairobi peke yao. Ni letu hapa Kabati, tunapojenga darasa au tangi, au tunapochimba choo kwa mwethya.

Mtu akianguka kutoka mita 3 hufika chini kabla sekunde moja haijaisha, kwa mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Hana nafasi ya kushika kitu.

Wengine husema, "Tutamfunga fundi kamba." Sawa, lakini imefungwa wapi? Kamba ya mita 2 iliyofungwa pale anaposimama, juu ya ukuta wa mita 3, haimsaidii; atagonga chini kabla haijamshika. Tena kamba ya kiunoni yaweza kuvunja mbavu. Na kamba humlinda yule mmoja aliyeivaa. Katika mwethya watu huingia na kutoka: akina mama na karai za simiti, vijana, wazee. Ua humlinda kila mtu, hata aliyesahau.

Ua wa jukwaa ni hivi:

1. Pigilia mti imara kwenye kimo cha mita 1 kutoka pale mnapokanyaga, na mwingine katikati.

2. Weka ubao wa sentimita 15 miguuni, ili tofali au nyundo isimwangukie aliye chini.

3. Pigilia miti hiyo upande wa ndani wa nguzo. Mtu akiegemea, uzito wake utaubana mti kwenye nguzo. Ukiwa nje, atang'oa misumari.

4. Sukuma kwa nguvu kila asubuhi kabla watu hawajapanda. Ukicheza, kazi ingoje.

Utepe au uzi si ua. Ni onyo tu, na uwekwe mita 2 nyuma ya ukingo.

Kwa shimo la choo au kisima, zungusheni ua wa miti, na udongo mliochimba muuweke angalau mita 1 kutoka ukingoni. Ukirundikwa karibu, uzito wake hubomoa ukingo na kumfukia aliye ndani. Jioni funikeni kwa mbao nzito. Watoto hawasomi vibao.

Fundi atasema, "Mimi nimezoea." Kuzoea hakuzuii ubao kuteleza.

Mkumbuke pia kwamba Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inahusu mfanyakazi na mwajiri wake. Mama aliyekuja mwethya kwa kujitolea ameajiriwa na nani? Akivunjika mgongo, mzigo ni wa familia yake, na kikundi kitaitisha harambee ya hospitali badala ya harambee ya mabati.

Kwa hivyo katika mkutano ujao, kabla ya kuhesabu matofali, mchagueni mtu mmoja wa kuangalia ua, na mumpe ruhusa ya kusimamisha kazi, hata mwenyekiti akiwa na haraka. Miti michache, misumari na nusu siku vinatosha.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu, na awarudishe wote nyumbani jioni.