KIDONDA HUPONA VIZURI KATIKA UNYEVU
Ifahamu plasta ya jeli, na jinsi ya kutunza jeraha lako

Ukijikata kwa jembe au mtoto akiungua kwa uji, huenda jirani atakuambia: "Liache wazi lipigwe na upepo, likauke." Wengine hupaka majivu, dawa ya meno au unga wa kapsuli. Wanaokushauri hivyo wanakutakia mema. Lakini utafiti wa zaidi ya miaka 60 unaonyesha kwamba jeraha safi hupona upesi likifunikwa na kubaki na unyevu kidogo.

Kwa nini unyevu?

Ngozi mpya huletwa na seli, yaani chembe hai ndogo sana, zinazotambaa kutoka kingo za jeraha kwenda katikati. Mahali penye unyevu hutambaa kwa urahisi. Jeraha likikauka hufanya kigaga kigumu, na seli hulazimika kutafuta njia chini yake. Mwaka 1962 mtafiti wa Uingereza, George Winter, alieleza majaribio aliyofanya kwa nguruwe. Majeraha madogo yaliyofunikwa kwa karatasi nyembamba ya plastiki yaliota ngozi mpya kwa kasi karibu mara mbili ya yale yaliyoachwa wazi. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakitafuta kifuniko bora cha kutunza unyevu huo. Jeli ni mojawapo.

Jeli ni kitu gani?

Fikiria mlenda. Si maji matupu, wala si kitu kigumu. Ndani ya jeli mna nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, zilizofungamana kama wavu, na wavu huo umeshika maji. Katika jeli nyingine maji ni zaidi ya sehemu 90 kati ya 100. Nyuzi hizo huweza kutoka kwenye mwani wa kahawia wa baharini, maganda ya kaa na kamba, au kutengenezwa kiwandani. Plasta ya jeli hulowanisha jeraha kavu, hupoza maumivu, na haing'ang'anii nyama mbichi wakati wa kuibandua.

Jeli nyingine hufanya zaidi ya kufunika. Kuna zenye madini ya fedha, ambayo huua vijidudu, na zenye asali ya tiba. Kuna pia zenye protini zinazoziamsha seli zizaliane. Mwaka 1997 Marekani iliidhinisha jeli iitwayo becaplermin kwa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Ina protini inayofanana na ile inayotolewa na chembe sahani za damu wakati mwili unapoanza kutibu jeraha.

Kwa nini kuzitengeneza ni kazi ngumu?

Unyevu ukizidi, ngozi ya pembeni hulainika na kuharibika. Jeraha likiwa chafu, vijidudu nao hufurahia unyevu. Dawa iliyomo inapaswa kutoka polepole, na protini nyingi huharibika kwa joto. Kwa hiyo jeli mpya mara nyingi hupimwa maabara, kisha kwa wanyama, kisha kwa watu. Ndiyo sababu nyingi ni ghali, na hata nzuri haifai kila jeraha: linalotoa maji mengi huhitaji kifuniko cha kunyonya, si cha kuongeza maji.

Wewe ufanye nini?

Usikae nyumbani ukingoja plasta ya kisasa. Kanuni ni ile ile, na unaweza kuifuata leo:

1. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa jeraha.
2. Likitoka damu, libane kwa kitambaa safi mpaka damu ikome.
3. Lioshe kwa maji mengi safi. Kama huna hakika na maji, yachemshe na uyaache yapoe.
4. Kwa jeraha la moto, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipasue malengelenge.
5. Jeraha dogo lililo safi lipake vaselini safi kidogo, ulifunike kwa bandeji safi. Badilisha bandeji kila siku, au mapema ikilowa au kuchafuka.
6. Usitie majivu, udongo wala kinyesi cha ng'ombe. Humo huweza kuwamo vijidudu vya pepopunda, ambayo huua.
7. Usitumie asali ya sokoni badala ya ile ya tiba. Asali ya tiba huuliwa vijidudu kwa mionzi kwanza.

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ikiwa jeraha ni kubwa, lina kina au uchafu, umechomwa na msumari, umeng'atwa na mnyama, au umeungua usoni, mikononi au sehemu za siri. Nenda pia ukiona uvimbe unaozidi, wekundu au joto linaloenea, usaha, harufu mbaya au homa. Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Mwenye kisukari achunguze nyayo zake kila siku, na asidharau hata mchubuko.

Mwambie mhudumu ukweli kuhusu ulichokwisha kupaka, hata kama ni majivu. Jibu lako litamsaidia kusafisha jeraha ipasavyo na kuchagua kifuniko kinachofaa.