Chupa ya Kwanza ni Barafu

Msomaji mmoja anataka kuanzisha baa ndogo nyumbani, na anauliza anunue chupa zipi kwanza. Hilo ni suala la mfuko na ulimi wake. Kinywaji kikali kimoja, ndimu, na asali au sukari vinatosha kuanzia. Kwa Konyagi, pombe kali yenye kileo asilimia 35, ikishika nafasi ya vodka, anaweza kujaribu "dawa", kokteli ya vodka, ndimu na asali iliyovuma kutoka mkahawa wa Carnivore jijini Nairobi. Kilichonishangaza ni kwamba katika orodha ndefu aliyoituma, barafu haimo.

Mwaka 1806, gazeti moja la mji wa Hudson, New York, lilieleza kokteli kuwa ni pombe kali, sukari, maji na vikolezo vichungu. Maji yalihesabiwa tangu hapo. Siku hizi kazi ya kuyaleta tumeiachia barafu, nayo huyaleta kwa namna ya ajabu.

Chukua barafu iliyoanza kulowa, yaani ya nyuzi sifuri. Mimina juu yake pombe na ndimu vyenye joto la Dar es Salaam, nyuzi 28. Funika kopo, tikisa sekunde 15, kisha tumbukiza kipimajoto: kitashuka hadi kama nyuzi 5 chini ya sifuri. Barafu imepoza kinywaji kupita ubaridi wake yenyewe!

Fikiria uso wa barafu ni mlango wa ukumbi wa harusi. Ndani, molekuli za maji zimeshikana mikono kwa mistari iliyonyooka; nje wapo wageni wenzao, maji ya kawaida. Kila mara yupo anayetoka kupunga upepo na yupo anayeingia. Kwenye nyuzi sifuri wanalingana, ukumbi haupungui. Sasa lete kundi lisilo na kadi za mwaliko: kileo. Hawa hawaingii, maana mistari ya ndani haina nafasi ya umbo lao, ila wamejazana mlangoni na wenye kadi wanaofika pale wamekuwa wachache. Wanaotoka wanatoka vilevile, wanaorudi wamepungua. Ukumbi unaanza kuvuja watu.

Na hakuna anayetoka bure. Kujichomoa mikononi mwa wenzako kuna nauli, na mgeni huyu hana hata senti, kwa hiyo anakopa kwa waliosimama karibu, wa ndani na wa nje. Aliyekopesha anabaki hoi, mwendo umemwishia, na mwendo wa molekuli ndio joto lenyewe. Mikopo inaendelea mpaka mtaa mzima umefilisika chini ya sifuri, na wanaotoka nao wamechoka, wakalingana na wale wachache wanaorudi. Ukifika hapo, utikise usitikise, ubaridi hauongezeki.

Nauli hiyo vitabu huiita joto fiche, jina nisilolipenda, kwani joto hilo halikujificha popote. Limetumika kukata vifungo. Ni kubwa: jouli 334 kwa kila gramu ya barafu. Kuipasha gramu hiyohiyo kutoka nyuzi 18 chini ya sifuri, ubaridi wa friza, hadi sifuri hunywa jouli 38 tu. Kwa hiyo kazi karibu yote hufanywa na kuyeyuka. Mililita 90 za mchanganyiko wetu huyeyusha si chini ya gramu 35 za barafu kabla ya kufika hasi 5. Dave Arnold, mwandishi wa Liquid Intelligence (2014), analiweka kama sheria: kinywaji hakipoi bila kuzimuliwa. Anayelalamika kwamba barafu imemharibia kokteli kwa maji anailaumu kwa kufanya kazi yake.

Kabla ya kumimina kinywaji, mwaga maji yaliyotuama kwenye vipande vya barafu. Hayo huzimua bila kupoza. Barafu itokane na maji ya kunywa, kwa kuwa kileo cha kiasi hiki si dawa ya vijidudu. Asali izimue kwa maji ya moto kabla, la sivyo itagandamana kwenye barafu kama gundi.

Asiyetumia kileo hatafika hasi 5 kwa juisi ya ukwaju, kwani molekuli za sukari ni kubwa, na katika kijiko kimoja zimo chache. Afanye kazi ya kupoza nje ya chupa ya juisi: ndoo, barafu iliyopondwa na chumvi ya mawe. Chumvi inaweza kuishusha barafu hadi nyuzi 21 chini ya sifuri, kwa hiyo aizungushe chupa humo na aitoe kabla juisi haijaganda.