Nazi Moja, Vyungu Viwili

Akitajwa mpishi wa Pwani, sifa huanzia kwenye biriani na kuishia kwenye pilau. Sisi watunga mashairi nasi tumo katika kosa hilo, maana tumeyasifu masinia ya arusi mpaka yakatosheka. Lakini tuulizane kwa haki, msomaji wangu: katika nyumba ya kawaida biriani huliwa mara ngapi kwa mwaka? Kuna Idi mbili, kuna arusi ya jamaa, kuna maulidi na khitma. Siku zilizosalia, nazo ndizo umri wenyewe, watu hula sima, mboga na kitoweo cha samaki. Mimi binafsi sijapata kuutungia mchunga hata ubeti mmoja.

Hayo yalinijia nikiwa Msambweni, nimekaa juu ya kigoda katika jiko la dada yangu mmoja, mtoto wa shangazi. Msambweni, kwa asiyepajua, iko kusini mwa Diani, ukishaipita Gazi katika njia ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Nilipomwambia kwamba nataka kuandika juu ya upishi wake alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Andika chakula, ndugu yangu," akasema. "Jina langu halina ladha."

Basi jina nimeliacha.

Jiko lake ni banda la makuti nyuma ya nyumba. Lina mafiga matatu, na kando yake limo jiko la gesi alilonunuliwa na mwanawe, ambalo hulitumia kwa chai ya alfajiri na kwa siku za mvua, kuni zikilowa. Vyungu vyake ni viwili na havichanganyi kazi: kimoja cha mboga, kimoja cha samaki. Havioshwi kwa sabuni, kwa kuwa chungu hunywa kila kinachotiwa ndani yake. Husuguliwa kwa kumbi na jivu, kisha huanikwa juani. Usiku kila chombo chenye kitu hufunikwa, na mfuniko ukikosekana hulazwa juu yake japo kijiti, kwa Bismillahi. Desturi hiyo haikuletwa na bwana afya. Imo katika Hadithi sahihi za Mtume, rehema na amani zimshukie, na dada huyu aliipokea kwa nyanya yake kabla hajapelekwa chuoni.

Anachokipenda mwenyewe si siri. Mwekee sinia la pilau upande mmoja, na upande wa pili umwekee wari, ndivyo Wadigo waitavyo sima, kwa mchunga wa nazi. Mkono wake utakwenda kwenye mchunga. Mmea huu, ambao kwa Kidigo ni mtsunga, huota wenyewe mashambani na kando ya njia mvua zikinyesha, na ziko bara ambako hulishwa sungura. Ni mchungu kweli kweli. Ndiyo maana haupikwi peke yake. Huchanganywa na majani mapole kama mchicha, ya kunde au ya maboga, na kila mpishi ana mchanganyiko wake. Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walipotoa kitabu chao cha mimea ya asili inayoliwa nchini, mwaka 1999, mchunga nao waliupa nafasi yake. Dada yangu nilipomweleza habari hiyo hakushangaa. Alichouliza ni kama wameandika kwamba bila nazi huo mchunga ni dawa, si mboga.

Sasa siku niliyokwenda, nazi ilikuwa moja.

Zamani jambo kama hilo lisingekuwa na maana. Minazi ya marehemu baba yake ilisimama nyuma ya nyumba, na kazi ilikuwa kumwita mkwezi tu. Leo iliyobaki imezeeka na kuwa mirefu mno kwa matunda machache. Kuna chonga, yule dude mwenye pembe anayetoboa moyo wa mnazi, na miaka hii ya karibuni wamezidi nzi weupe wanaoacha masizi juu ya makuti. Na hata kwenye minazi yenye afya, kila dafu linalopelekwa Diani kunywewa na wageni ufukweni ni nazi ambayo haitakomaa. Kuna na wagemaji: karara likishagemwa halizai, na hilo nalitaja kwa upande wa kitoweo tu, upande wa pili wa tembo mnaujua. Ajabu ni kwamba Kwale na Kilifi ndizo kaunti zenye minazi mingi kupita zote nchini, na bado mwanamke wa Msambweni huenda dukani kununua nazi kama mtu wa Nairobi.

Mbele yetu palikuwa na tafi watatu juu ya sahani, na mchunga umejaa ungo. Nikamuuliza, "Sasa dada, tui litakwenda wapi?" Mimi, kwa ulafi wa kiume, nilikuwa upande wa samaki.

"Samaki ana mafuta yake," akanijibu, "ana chumvi ya bahari, na ukwaju upo. Mchunga una nani?"

Akaitikisa nazi sikioni. Maji yakisikika kwa mbali, nazi imekomaa; koroma haitoi tui la maana, na nazi iliyokuwa mbata haimfai. Akaivunja, mjukuu akayanywa maji yake, naye akaketi juu ya mbuzi akaanza kukuna, taratibu, bila kufikia kifuu chenyewe, maana ukikikwaruza tui huingia weusi. Chicha akazitia katika kifumbu cha ukindu alichorithi, akakamua kwa maji kidogo ya vuguvugu. Hilo likawa tui zito, akaliweka kando na kulifunika. Akakamua mara ya pili, na ya tatu, kwa maji mengi zaidi. Mboga ilikwisha chemshwa na maji ya uchungu kumwagwa. Ikaingia katika tui jepesi pamoja na kitunguu na nyanya, ikaachwa ilainike. Tui zito liliingia mwisho kabisa. Hapo maneno yalikoma. Alikoroga bila kuondoa mkono wala macho mpaka likatokota kidogo, kwani tui zito likiachiwa moto peke yake hukatika, mafuta yakaenda mbali na maji mbali. Chicha zikawaendea kuku, kifuu kikaingia motoni.

Tafi wakapikwa kwa ukwaju, nyanya, bizari na pilipili mbichi, nami nikakiri kwamba sikulikumbuka tui.

Lakini hukumu yake si moja mwaka mzima. Wakati wa kaskazi bahari ni tulivu na samaki wabichi wapo. Mwezi ukiandama na ukitimia huja bamvua, maji yakakauka mbali, na wanawake hutoka na vyuma vyao kuchokoa pweza mwambani. Dada yangu hutabasamu akieleza kwamba bamvua la mwezi mpevu huangukia zile siku nyeupe za sunna, 13, 14 na 15, kwa hiyo pweza humwandama akiwa amefunga na humngoja mpaka magharibi. Kusi likivuma mambo hugeuka. Vyombo vidogo havitoki, samaki huadimika, na kinachoingia jikoni ni papa mkavu au ng'onda. Huyo hana mafuta ya kujitosheleza, anataka tui, na nazi ni ile ile moja.

"Ng'onda akija, mchunga hungoja," akasema. Siku hiyo mboga huwa ni bamia za kuchemsha.

Kabla hatujala alijaza bakuli akalifunika kwa sahani, akamtuma mjukuu kwa jirani. Nikatazama chungu, nikatazama idadi yetu. Kumbe ile mikamuo miwili ya tui jepesi ilikuwa na hesabu yake. Mtume alimuusia Abu Dhar kwamba apikapo mchuzi azidishe maji awakumbuke majirani zake, nami usia huo nimeusoma na kuusomesha. Kuuona ukipimwa kwa kifumbu ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Anaye binti aliyeolewa Likoni. Huyo hupika kwa gesi na kwa tui la unga la pakiti, na mama mtu hamlaumu, kwa sababu yeye mwenyewe huweka pakiti moja kabatini kwa wageni wa ghafla wa Ramadhani. Shida ni kwamba binti ametamani mchunga wa kwao, na kila akipiga simu kuuliza maji kiasi gani hujibiwa, "Mpaka uone." Nikajitia hodari. Siku ya pili nikachukua kikombe cha chai na kalamu, nikapima: maji nusu kikombe kwa mkamuo wa kwanza, kikombe kimoja kwa wa pili, kimoja kwa wa tatu. Dada akanivumilia kama mtu anayemvumilia mtoto anayeshika miguu wakati wa kupakua. Hesabu ikasomwa kwa simu.

Baada ya wiki moja binti akapiga. Tui limekatika.

"Lilipoingia ulikuwa wapi?" mama akamuuliza.

Alikuwa akisuuza vyombo.

Wamekubaliana aje Ijumaa asubuhi, akae mwenyewe juu ya kigoda. Ameagizwa anunue nazi mbili Likoni kabla hajapanda matatu. Ya pili ni ya samaki.