Kiharusi Kikipita, Dawa Isitupwe

Mzee aamka alfajiri mtaani Mangobo, hapa Kisangani. Mdomo umepinda, mkono wa kuume hauinuki. Mara jamaa waulizana: “Ni nani aliyemroga?” Wasomaji wapenzi, hapo hapatafutwi mchawi. Hicho ni kiharusi. Mgonjwa apelekwe hospitali upesi.

Tazameni mto wetu wa Kongo. Magugu-maji yakisongamana katika kijito, mtumbwi haupiti. Ndivyo ilivyo katika mishipa ya ubongo. Mafuta yaitwayo kolesteroli hujikusanya ukutani mwa mshipa. Ukuta ukipasuka, damu huganda hapo, na njia huzibwa.

Kuganda kwenyewe si kubaya. Tukijikata kwa panga, protini za damu, ambazo nyingi hutengenezwa na ini, huamshana moja baada ya nyingine hata jeraha lizibike. Hatari ni damu kuganda isipotakiwa.

Katika miaka ya 1970 Mjapani Akira Endo alipata katika ukungu dawa ya kwanza ya jamii ya statini. Dawa hizo hulizuia ini lisitengeneze kolesteroli nyingi. Tena wataalamu wameona kwamba huipunguza protini ianzishayo mgando, hata thrombini, ambayo hufanya nyuzi za donge la damu, hupungua pia. Hata hivyo hazishiki nafasi ya aspirini, ikiwa daktari ameiagiza.

Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watu 4,731 waliokwisha kupatwa na kiharusi au dalili zake za kupita. Kwa muda wa miaka kama mitano, kiharusi kiliwarudia watu 11.2 katika kila mia waliopewa atorvastatini, na 13.1 katika kila mia ya wenzao wasioipata. Lakini kiharusi cha kuvuja damu kiliwapata 55 wa kundi la kwanza, na 33 tu wa kundi la pili.

Basi, msinunue vidonge hivyo sokoni kwa kuambiwa na jirani. Daktari ndiye ajuaye kama mshipa uliziba au ulivuja. Naye aliyeandikiwa dawa asiiache kwa kuwa sasa aweza kutembea. Apimwe shinikizo la damu, apunguze chumvi na makayabu, ameze kidonge chake kila siku.

Haba na haba hujaza kibaba: mafuta yaliziba mshipa kidogo kidogo, na afya nayo hulindwa kidogo kidogo.