Kipimo cha goti: Kamera huona mengi, lakini nayo hukosea

Na Mwandishi Wetu, Muleba

ALFAJIRI katika barabara ya Kagoma, wilayani Muleba, si ajabu kukutana na waendesha baiskeli wakielekea sokoni, mikungu ya ndizi ikiwa imefungwa kwenye keria na kuning'inia pande zote mbili. Kwenye tambarare hukanyaga pedeli, kwenye kilima hushuka na kusukuma. Goti likiuma, siku hiyo hakuna mapato.

Ng'ambo ya mpaka, mjini Kigali, Septemba 2025 yalifanyika mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Katika timu kubwa za kulipwa, urefu wa siti haukadiriwi kwa jicho pekee. Mwendeshaji hupimwa kwa mfumo wa kunasa mwendo, yaani kamera na kompyuta zinazofuatilia jinsi nyonga, goti na kifundo cha mguu vinavyosogea.

Leo hata simu ya mkononi inaweza kutoa kipimo cha namna hiyo. Je, namba inayotokea kwenye kioo ni ya kuaminika kiasi gani?

Mfumo wa maabara hutumia vinundu vidogo vinavyorudisha mwanga, ambavyo hubandikwa kwenye ngozi juu ya viungo. Kamera kadhaa huviangalia kutoka pande tofauti, na kompyuta hukokotoa mahali kila kinundu kilipo. Katika chumba kilichoandaliwa vizuri, kosa la kukitambua kinundu huwa chini ya milimita 1.

Hata hivyo, kinundu kipo kwenye ngozi, ilhali kinachotafutwa ni mfupa. Mguu unapozunguka, ngozi na misuli ya paja huteleza juu ya mfupa, wakati mwingine kwa sentimita 2 au zaidi. Hivyo basi, kamera inaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu kinundu, na bado ikakosea kuhusu goti.

Hesabu nyepesi inaonyesha uzito wa jambo hili. Tuchukulie paja lenye urefu wa sentimita 40. Kinundu cha nyonga kikibandikwa sentimita 2 nje ya mahali pake, pembe ya goti inaweza kupotoka kwa karibu nyuzi 3. Kwa mguu wa mtu mzima, nyuzi 3 ni sawa na kupandisha au kushusha siti kwa zaidi kidogo ya nusu sentimita.

Kosa hilo si dogo. Mwaka 1994 wataalamu wa Marekani walipendekeza kwamba pedeli ikiwa chini kabisa, goti liwe limekunjika kwa nyuzi 25 hadi 35. Nafasi yote ni nyuzi 10 tu. Aidha, kiwango hicho kilihusu mwendeshaji aliyetulia, naye anapoanza kukanyaga, goti lake hukunjika kwa nyuzi kadhaa zaidi. Anayelinganisha namba ya mwendo na kiwango cha utulivu analinganisha vitu viwili tofauti.

Tatizo jingine ni kasi ya kamera. Mtu anayezungusha pedeli mara 90 kwa dakika huizungusha nyuzi 540 kila sekunde. Kamera inayopiga picha 30 kwa sekunde huikuta pedeli imesogea nyuzi 18 kati ya picha moja na nyingine. Ikipiga picha 120, pengo hushuka hadi nyuzi 4.5. Pedeli ikiwa chini kabisa, pembe ya goti hubadilika polepole, hivyo madhara ni madogo. Pedeli ikiwa mbele, goti hubadilika haraka na kosa hukua.

Mifumo mipya haitumii vinundu. Programu hujifunza kutambua viungo kwenye video yenyewe. Mmojawapo ni OpenCap, uliotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, ambao hutumia simu mbili au zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023, pembe zake zilitofautiana na za maabara kwa wastani wa nyuzi 4.5. Ni mafanikio makubwa kwa gharama ndogo, ila majaribio hayo yalihusu kutembea, kuchuchumaa, kuinuka kitini na kuruka, si kuendesha baiskeli.

Kwa kawaida baiskeli hupimwa ikiwa imesimamishwa mahali pamoja, tena bila mzigo. Mbebaji wa ndizi wa Kagoma hulisawazisha shehena, hukwepa mashimo na hushuka kusukuma. Pembe iliyopatikana ndani ya chumba haielezi yote yanayolipata goti lake njiani.

Hata hivyo, kipimo cha simu hakifai kudharauliwa. Kifaa kinachokosea kwa namna ileile kila mara bado kinaweza kuonyesha mabadiliko. Muhimu ni simu isimamishwe imara, mita kadhaa kutoka kwenye baiskeli, ikiitazama ubavuni moja kwa moja bila kuinama, na ipige picha nyingi kwa sekunde. Alama za viungo zisihamishwe kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, na uchukuliwe wastani wa mizunguko kadhaa badala ya mmoja.

Tofauti ya nyuzi 2 au 3 isimfanye mtu akimbilie spana. Siti ibadilishwe kidogo kidogo, kisha mwendeshaji mwenyewe aulizwe anavyojisikia. Maumivu yakiendelea, au goti likivimba, mahali pa kwenda ni hospitali. Kamera hupima pembe, haipimi maumivu.