Shahada kwa mtandao: Mugoma wapime kabla ya kulipa

Maharage yanapofikishwa sokoni Mugoma, wilayani Ngara, mnunuzi huyashika, hutafuna punje moja, ndipo hutaja bei. Shahada haina kipimo cha aina hiyo. Mwajiri huangalia muhuri wa aliyeitoa, na aliyeigharimia huijua thamani yake wakati fedha zimekwisha kutoka mfukoni. Mwalimu, muuguzi au mwenye duka anayetaka kusoma bila kuacha kazi hana budi kuipima kama mali ya muda mrefu: nani ataipokea, italeta nini, na itaanza kulipa lini.

Bidhaa ya ndani inayojulikana zaidi ni ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kazi 1993 chini ya Profesa Geoffrey Mmari. Wakati huo masomo yalikwenda kwa vitabu na posta. Leo sehemu kubwa iko mtandaoni. Kisheria shahada yake haina daraja la pili. Chuo hicho kipo chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) sawa na vile vya kukaa darasani.

Hata hivyo, sheria ni jambo moja na sifa mitaani ni jingine. Shaka hiyo ina historia. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, serikali iliwafundisha walimu kwa maelfu wakiwa vijijini, kwa posta, redio na madarasa ya jioni, ili shule za msingi zifunguliwe kwa watoto wote. Bila wao shule nyingi zisingekuwa na mtu wa kushika chaki. Malipo waliyopata ni dhihaka: “mwalimu wa UPE” likawa jina la mtu asiyejua kitu. Elimu ya masafa imeurithi mzigo huo, ingawa mtu aliyemaliza shahada huku akifanya kazi na kulea familia ameonyesha uvumilivu ambao mwajiri makini angeulipia.

Faida iliyo wazi zaidi ni ya mtumishi wa serikali. Katika ngazi za mishahara ya walimu, mwenye cheti huanzia TGTS B, wa stashahada C, na wa shahada D. Hiyo ni tofauti ya kila mwezi hadi kustaafu, na mkopo wa benki unaotegemea mshahara nao hupanda. Lakini kubadilishiwa muundo si jambo la siku moja baada ya mahafali. Kunahitaji kibali na fedha katika bajeti, na somo lenyewe liwe linahusiana na kazi. Mwalimu anayesomea fani isiyomhusu mwajiri wake amenunua mali asiyoweza kuiuza pale alipo.

Kwa mfanyabiashara hesabu ni ngumu zaidi. Hakuna benki inayopokea shahada kuwa dhamana ya mkopo wa duka, wala mnunuzi wa kahawa haongezi bei kwa sababu muuzaji ana cheti ukutani. Anayehitaji kujua kutunza vitabu vya hesabu na kodi anaweza kuyapata hayo katika kozi fupi, na mtaji ukabaki kwenye mzunguko. Wapo pia wanaovutwa na mradi wa nikeli wa Kabanga, uliopewa leseni maalumu ya uchimbaji mwaka 2021. Mgodi huhitaji wahasibu wachache. Mafundi umeme, makanika na waendesha mitambo ni wengi zaidi, na kazi za mikono hiyo hazisomwi kwa simu.

Hatari kubwa iko katika vyuo vya nje. Vipo vya kweli na vya miaka mingi: Nelson Mandela alipata shahada ya sheria ya UNISA, Afrika Kusini, mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Lakini mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Pakistan, iliyouza shahada za vyuo visivyokuwepo ila kwenye kompyuta. Shahada ya nje hupelekwa TCU ili itambuliwe, na swali la msingi ni kama chuo kimeidhinishwa na mamlaka ya nchi yake. Swali hilo huweza kuulizwa kabla ya ada ya kwanza.

Aidha, cheti cha juu hakiponyi kasoro ya chini. Uhakiki wa mwaka 2017 uliwakuta watumishi wa umma 9,932 na vyeti vya kughushi, na uliangalia vyeti vya sekondari na ualimu.

Ada nayo si gharama yote. Kituo cha Chuo Kikuu Huria mkoani Kagera kiko Bukoba, na kutoka Mugoma ni safari ndefu kupitia Biharamulo na Muleba. Nauli, malazi na chakula cha siku za mitihani viingie katika hesabu, pamoja na vifurushi vya intaneti na duka litakalofungwa siku hizo. Wengi hushindwa hapo, katikati ya njia, si darasani. Na nusu ya shahada haina mnunuzi.