Kapteni Nemo na Nchi Yake

Hadithi ya Jules Verne, *Vingt mille lieues sous les mers*, ilitolewa sehemu kwa sehemu katika jarida la Kifaransa tangu mwaka 1869 hadi 1870. Jina lake limewapotosha wengi, ambao hudhani kuwa lataja kina cha bahari. Sivyo. *Lieue* moja ni kilometa 4, na hizo 20,000 ni urefu wa safari ya nyambizi *Nautilus*, yaani kadiri ya kuizunguka dunia mara mbili.

Mwenye chombo hicho ni Kapteni Nemo, na maana ya jina hilo kwa Kilatini ni "hakuna mtu". Naye ana elimu nyingi na kisasi kikubwa moyoni. Huzamisha manowari za taifa lisilotajwa. Kutotajwa huko hakukuwa shauri la Verne. Yeye alikusudia Nemo awe mwungwana wa Polandi, ambaye jamaa zake waliangamizwa na Warusi katika maasi ya mwaka 1863. Mchapishaji wake, Hetzel, alikataa, maana vitabu vya Verne vilikuwa na soko Urusi. Akashauri adui awe wafanya biashara ya watumwa. Verne naye hakukubali, na hivyo Nemo akabaki hana kwao.

Hata hivyo dalili imo. Karibu na Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, Nemo anamkabili papa kwa kisu ili kumwokoa Mhindi maskini mzamia lulu, kisha ampa mfuko wa lulu; na aulizwapo sababu, anajihesabu kuwa ni mwenyeji wa nchi ya wanaodhulumiwa. Siri ilifichuliwa katika *L'Île mystérieuse*, iliyokamilika mwaka 1875: Nemo ni Dakkar, mwana wa mfalme wa Bundelkhand, aliyepigana na Waingereza mwaka 1857. (Tarehe za vitabu hivyo viwili hazipatani hata kidogo, lakini hilo halikumzuia Verne.)

Picha ya sinema ya mwaka 1916, iliyoongozwa na Stuart Paton, ilivichanganya vitabu vyote viwili na kumwacha Nemo kuwa Mhindi, ingawa aliyemwigiza alikuwa Mmarekani mweupe aliyepakwa rangi. Mandhari zake za chini ya maji zilipigwa Bahama na ndugu wawili wa ukoo wa Williamson, kwa kupitia dirisha la chumba cha chuma kilichoteremshwa baharini.

Picha ya Disney ya mwaka 1954 ndiyo mashuhuri zaidi, na mapigano yake na ngisi yule mkubwa yastahili sifa zote. Lakini humo James Mason, Mwingereza, ni Nemo asiye na Bara Hindi: alifungwa katika kisiwa cha mateso, mkewe na mtoto wake wakauawa, na taifa lililofanya hayo halitajwi tena. Alilolitaka Hetzel kwa ajili ya soko lilitendeka mara ya pili, bila ya kulazimishwa na mtu. Ilipofika mwaka 2003, Mhindi Naseeruddin Shah alimwigiza Nemo katika picha ya Marekani ambayo haikutokana na kitabu hiki.